Alama za Garoa

Dada yangu Jordana alianza kuchora farasi wa watu akiwa na miaka kumi na minne. Mimi ni fundi wa matandiko hapa Pouso do Cedro, kama alivyokuwa baba yetu, na picha zake za kwanza nilizitundika kwenye ukuta wa karakana, kati ya hatamu na mikanda, mahali ambapo kila mwenye farasi lazima apite siku moja. Mtu alikuja kushonesha tandiko lililochanika, akainua macho, akauliza kazi ya nani hii. Nikimjibu ni ya mdogo wangu, kesho yake yuko mlangoni na farasi wake ameogeshwa na kuchanwa kama bibi harusi. Huku kwetu kusini mwa jimbo la Minas mtu anaweza kukosa picha ya ndoa yake sebuleni, lakini ya farasi wake hakosi.

Alichora miaka mitano. Halafu akafaulu kuingia chuo kikuu kusomea udaktari wa mifugo, akafungia brashi zake kwenye kopo la biskuti na kunikabidhi.

"Kaka, nitunzie hizi. Nikirudi nitakuwa nawatibu, sitakuwa nawapaka rangi."

Miaka sita baadaye alirudi na shahada, namba ya usajili, na koti jeupe lililotariziwa jina lake mfukoni. Kazi hakupata. Kliniki za mjini zilitaka mtu mwenye uzoefu, mashamba makubwa yana madaktari wao wa siku nyingi, na wafugaji wadogo humwita daktari pale tu ng'ombe ameshalala chini na hataki tena kuinuka. Kati ya Januari na Aprili aliitwa mara nne. Watatu kati ya wale wanyama walikufa mbele yake. Walikuwa wameshaondoka kabla hajafika, ilibaki pumzi tu.

Asubuhi moja ya Mei nilimkuta karakana, amekaa kwenye kigoda changu, kopo la biskuti mapajani.

"Narudi kwenye rangi," alisema. "Usinicheke."

"Nani anacheka?"

"Huo uso wako."

Sikuwa nacheka. Nilikuwa natafuta pa kukaa.

Shida ni kwamba mkono ulikuwa umegoma. Miaka sita alikuwa amefundishwa kuangalia ndani ya mnyama, na sasa macho yake hayakukubali kubaki nje. Kazi yake ya kwanza ilikuwa mbwa wa Bi Nilceia, mama wa duka la dawa. Mbwa mnene, mpole, wa kulala juu ya viatu vya wateja. Jordana alimchora kwa wiki mbili. Picha ilipokwisha, kila msuli ulikuwa mahali pake, kila mshipa unahesabika, na mbwa mwenyewe hayumo. Bi Nilceia aliitazama akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Ni mzuri, mwanangu," alisema. "Lakini mbona amekaa kama anasubiri upasuaji?"

Jordana alicheka pamoja naye, akamwambia atairekebisha. Alipotoka yule mama, akachukua kisu changu cha kukwangulia ngozi na kukwangua rangi yote mpaka likabaki turubai tupu la kuchorea. Nilimwambia aache, ile miguu ilikuwa imetoka vizuri. Alijaribu kuku wa jirani, akajaribu nyumbu wa muuza maziwa, yule chotara wa punda na farasi, yote akakwangua. Aliniambia jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifikiria: kwamba zamani alikuwa akichora kwa sababu hajui, na sasa anajua, na hana namna ya kurudi kutojua.

Mwezi wa Juni akaja Mzee Olinto.

Mzee Olinto alikuwa na miaka sabini na minane, mjane, anaishi peke yake barabara ya kwenda kisimani na farasi jike mmoja, nyumbu mmoja na kuku wasio na idadi. Farasi jike aliitwa Garoa, yaani manyunyu, maana wekundu wake ulinyunyiziwa nywele nyeupe mwili mzima kama aliyetoka kwenye mvua nyepesi. Alikuwa na miaka kumi na minne. Alikwenda telki, ule mwendo wa haraka usiorusha mpandaji, laini kiasi kwamba mzee alipanda na kikombe cha kahawa mkononi, na si utani, nimemwona mwenyewe akifika kwangu na kahawa bado ina moto.

"Nataka vitu viwili," alimwambia Jordana, kofia kifuani. "Unichoree Garoa kabla sijafa. Na unitolee damu yake, maana mwaka huu paroko anasema kwenye msafara wa Mtakatifu Ana hapiti farasi asiye na karatasi ya kipimo."

"Mzee, kwa nini unasema kabla hujafa?"

"Sasa nikishakufa nitaionaje?"

Tulikwenda Jumatatu, mimi nikiwa nimebeba tandiko lake nililolishona upya. Jordana alianza na damu ili amalize kazi ya daktari kwanza. Alimpapasa Garoa shingoni, akamchoma, kichupa kikajaa, na yule farasi hakutikisa hata sikio. Kisha akatoa fomu ya serikali. Kwenye fomu hiyo kuna mchoro mtupu wa farasi, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, uso, miguu, na daktari lazima ajaze alama zote za mnyama, ili damu isije ikasemwa ni ya mwingine. Madaktari wengi niliowaona huilaza juu ya boneti ya gari, huchora mistari mitatu, hutia sahihi, basi.

Jordana aligeuza ndoo, akakaa. Alichora baka jeupe la kwenye paji, lililopinda kidogo kuelekea jicho la kushoto. Akachora doa la waridi puani, lenye umbo la jani lililoliwa na mdudu. Akachora mahali pawili shingoni ambapo nywele hujizungusha, pamoja karibu na masikio na pengine chini yake, na kovu la waya kwenye paja, na weupe wa mguu wa nyuma, wenye meno meno juu ya kwato. Alinyanyuka, akamzunguka, akarudi kukaa. Saa nzima ilipita. Mzee Olinto akaleta kahawa na keki ya mahindi, vikapoa vyote.

Alipomaliza alinionyesha ile karatasi. Ilikuwa fomu ya serikali, yenye mistari ya kujaza jina la mwenye mali na namba ya kitambulisho, na ndani yake alikuwepo Garoa, anakuangalia. Ungemjua katikati ya farasi mia.

"Umerudi," nilimwambia.

"Nadhani nimerudi," alisema, akanipa mgongo upesi, akajifanya anapanga vichupa.

Damu ikapelekwa maabara, na siku iliyofuata akaanza picha yenyewe. Alikwenda kila asubuhi, jua likishatoa baridi. Mzee alimshika Garoa kwa kamba fupi na kumsimulia Jordana habari za marehemu mkewe, ambaye naona alimpenda yule farasi kuliko alivyompenda mumewe. Kichwa kilikamilika siku ya tano. Shingo siku ya saba. Nilipita kuangalia, nikaona kazi ambayo dada yangu hakuwahi kuifanya hata kabla ya chuo, maana sasa mifupa na misuli vilikuwa chini, vimetulia, na juu yake alikuwepo mnyama mwenyewe, na wema wake na ujeuri wake. Nilianza kupanga ukutani nitaiweka wapi kwa wiki moja kabla mzee hajaichukua.

Siku ya tisa simu ya Jordana ililia ujumbe akiwa ameshika brashi. Mambo haya alinisimulia baadaye. Alisoma, akaiweka simu mfukoni, akaendelea kupaka rangi ya begani. Mzee Olinto alikuwa anaeleza jinsi mkewe alivyokuwa anamlisha Garoa maganda ya machungwa dirishani. Jordana akasema "ndiyo", "kumbe", "ehe", kwa saa nzima, mkono unakwenda. Kisha akaosha brashi, akaaga, akaja moja kwa moja karakana na kusimama mlangoni.

"Anayo," alisema.

"Nani ana nini?"

"Garoa. Homa ya vinamasi."

Mimi si daktari lakini hilo nalijua, kila mwenye farasi huku analijua. Wengine huuita ugonjwa huo ukimwi wa farasi. Pange, wale nzi wakubwa wanaouma, huutoa kwa mnyama mmoja na kumtia mwingine, au sindano iliyotumika mara mbili. Hauna dawa, hauna chanjo. Farasi anaweza kukaa nao miaka kumi anang'aa, anakula, anakwenda telki na kahawa haimwagiki, na bado kila nzi anayemuuma anabeba kifo kwenda kwa jirani. Sheria ni moja. Anauawa.

"Rudieni kipimo," nilisema.

"Kitarudiwa. Mwenye mali ana haki hiyo. Lakini mara nyingi majibu hayabadiliki."

"Basi usiseme kwanza. Subiri."

"Kaka, maabara wakinitumia mimi wanatuma na serikalini saa ile ile. Edivan ameshaona."

Edivan alikuwa mwenzake darasani chuoni, sasa ni afisa wa afya ya mifugo wa wilaya. Alikuwa kijana mwema. Ingekuwa rahisi kwetu sote kama angekuwa mtu mbaya.

Jordana alikwenda kumwambia mzee kesho yake, nikamsindikiza. Mzee Olinto alimsikiliza mpaka mwisho, akamwangalia Garoa aliyekuwa anatafuna, akamwangalia tena Jordana.

"Lakini anakula," alisema.

"Anakula, mzee. Ugonjwa umejificha."

"Jana amemkimbiza nyumbu uwanja mzima."

"Najua."

"Sasa mgonjwa gani huyo, mwanangu? Mimi ndiye mgonjwa. Mimi nikipanda ngazi mbili naona nyota."

Jordana alirudia yote polepole, kwa maneno rahisi. Alipofika kwenye neno la sheria sauti ilimpungua, mzee akamwomba aseme tena, akasema tena. Nilitamani kuwa popote pengine. Mzee hakukasirika. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayefundishwa njia ya mji asioujua, na mwisho akasema kipimo kirudiwe, maana vichupa ni vingi na watu wa maabara ni binadamu.

Edivan akaja mwenyewe kuchukua damu ya pili. Akamtoa na nyumbu damu, kwa utaratibu. Akamwambia mzee kwamba Garoa afungiwe bandani peke yake, na mlango na madirisha yawekwe wavu wa kuzuia nzi. Mimi ndiye niliyeupigilia misumari. Garoa alikuja kunusa nyundo kila nilipoinama, nikawa namsukuma pua na kumwambia atoke, asije akaumia.

Siku zile za kusubiri, Mzee Olinto alikuja karakana bila farasi, kwa miguu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikaa, akapumua, akazungumza na mimi kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili tu.

"Tarcísio, wewe ni mtu mzima, tuelewane. Kulikuwa na farasi wa marehemu Dario, yule farasi aliyekufa kwa tumbo mwezi wa pili. Naye alikuwa mwekundu wa manyunyu. Dada yako akisema alibaki na damu ya yule, akachanganya vichupa, nani atakufa? Yule ameshakufa. Na watu wa serikali wataandika wamemaliza."

"Na hii damu ya pili aliyochukua Edivan?"

"Hiyo itatoka safi. Mimi nasemea ile ya kwanza, isibaki kumchafulia jina."

Nilipaswa kumwambia palepale kwamba haiwezekani. Badala yake nilimwahidi nitazungumza na Jordana, na mpaka leo najilaumu, maana nilizungumza naye kweli. Nilimkuta nyuma ya nyumba anaanika nguo.

"Huwezi kusema umekosea kichupa?" nilimuuliza. "Watu hukosea."

Alibana shati langu kwenye kamba, akabana na la pili.

"Nimemchora, kaka."

"Si fomu tu ile?"

"Edivan aliniambia hajawahi kuona fomu kama ile. Ameionyesha ofisi nzima. Alikuja bandani nayo mkononi, akamtazama Garoa mara moja tu, hakuhitaji hata kusogea. Ningeweka mistari mitatu kama wenzangu, mzee angekuwa na pa kujishikia. Mwanasheria yeyote angesema si huyu." Akachukua soksi, akaitazama kama hajui inakoenda. "Kitu pekee nilichokifanya vizuri mwaka huu ndicho hicho."

"Lakini ugonjwa si anao kweli?"

"Anao."

"Basi siyo mchoro utakaomuua."

"Wala sijasema utamuua," alisema, akaibana ile soksi.

Majibu ya pili yalikuja Ijumaa. Yalikuwa yaleyale. Nyumbu alikuwa mzima. Edivan alipiga simu kwanza kwa Jordana, nadhani kwa heshima, na Jordana akalazimika kubeba habari ile mara ya pili kwenda barabara ya kisimani. Mzee alikuwa anachambua maharage barazani. Alimsikiliza bila kuinua macho.

"Lini?" aliuliza.

"Alhamisi asubuhi."

"Utakuwa umemaliza picha?"

Jordana alisema ndiyo. Angesema nini.

Mji ulikuwa umeshajua. Watu waliokuwa wamepanga kumwita aje kuchukua damu kwa ajili ya msafara walianza kunipitia karakana na kuniambia, mmoja mmoja, kwamba mwaka huu goti linamsumbua, kwamba shemeji anaumwa, kwamba hawataenda. Mwenye farasi wawili weupe karibu na kanisa, aliyekuwa ameagiza picha zao zote mbili, alimtumia ujumbe kwamba aache kwanza. Nilimkabili dukani kwa Bi Nilceia.

"Picha tu, bwana. Brashi haitoi damu."

"Sijakataa," alisema. "Ila dada yako akimwangalia mnyama anaona. Mimi sitaki aone kitu kwangu."

Bi Nilceia alijifanya anahesabu vidonge.

Basi Jumamosi, Jumapili, Jumatatu Jordana alikwenda kuchora. Garoa sasa alikuwa gizani nyuma ya wavu, na nje ya wavu hakuonekana ila kivuli chenye macho. Akaingia bandani na turubai lake na kile kigingi cha miguu mitatu cha kuliegemezea, akajibana kwenye kona. Mwanga ulikuwa mbaya. Garoa, aliyezoea uwanja, alizunguka bila kutulia, akamkanyagia kisanduku cha rangi. Mzee hakuja tena kumshika kamba. Alikaa jikoni, redio imefunguliwa juu.

Jumanne nilimpelekea chakula. Nilikuta kichwa na shingo kama nilivyoviona, vizuri ajabu, na nyuma yake bega lililopakwa siku ile ya ujumbe, na baada ya bega hakuna kitu. Alikuwa ameweka mgongo na kuufuta, ameweka na kuufuta, mpaka turubai limeota manyoya.

"Nikimwangalia naona Alhamisi," alisema. "Naona sindano inaingia wapi. Nalijua mpaka jina la mshipa."

"Basi acha. Mzee ataelewa."

"Mzee ameniomba kitu kimoja tu nachokiweza, kaka. Kumtibu siwezi. Kumficha siwezi."

Nilikaa chini kwenye majani makavu kando yake. Garoa alikuja akaninusa kola, akapumua pumzi yake ya moto shingoni kwangu, akaondoka. Wali na maharage vilibaki kwenye bakuli.

Alhamisi Edivan alifika saa mbili na vijana wawili wa ofisi yake, na nyuma yao trekta la manispaa la kuchimba shimo. Shimo lilichimbwa mbali na kisima, chini kabisa ya uwanja. Mzee Olinto alikuwa amevaa shati la kanisani. Alimwita Jordana pembeni, nami nilikuwa karibu nikasikia.

"Wanaruhusu wewe ufanye?"

"Hapana, mzee. Ni wao kwa sheria."

"Wewe anakufahamu."

"Naweza kumshika."

"Mshike basi," alisema. "Mimi nitaangalia chungu."

Akaingia jikoni, nikamfuata kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Dirisha la jikoni linatazama uwanjani, mzee akalifunga. Maharage yalikuwa yanachemka. Alikoroga, akaonja, akanipa mwiko.

"Chumvi vipi?"

"Imetosha."

"Marehemu alikuwa anasema mimi huzidisha." Akakoroga tena. "Onja vizuri."

Nikaonja tena. Kutoka nje tulisikia mlango wa banda, sauti ya Edivan akisema polepole, polepole, na kwato kwenye mawe, kisha kwenye udongo, zikishuka. Garoa alikuwa anakwenda telki yake ileile. Mzee alisimama na mfuniko mkononi mpaka sauti ikaisha. Kisha aliniuliza kama mimi huweka kitunguu kabla au baada. Nilimwambia baada. Akasema watu wengi hukosea hapo. Tulizungumza habari za vitunguu muda mrefu, watu wazima wawili, mpaka trekta likawashwa kufukia.

Jordana hakuingia ndani. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha banda, kamba bado imezungushwa kiganjani, imemwacha na mstari mwekundu. Alisema Garoa alilegea kwa sindano ya kwanza, akaweka kichwa begani kwake, na kwamba kichwa cha farasi ni kizito kuliko watu wanavyodhani. Alisema Edivan alifanya vizuri. Alirudia hilo mara mbili. Edivan mwenyewe alikuwa amesimama kwenye gari, amewapa mgongo wenzake, hajui aondoke au aage.

Msafara wa Mtakatifu Ana ulipita mwezi uliofuata na farasi thelathini hivi, badala ya mia na ushee. Paroko aliubariki vilevile. Nyumbu wa Mzee Olinto alipimwa tena, akatoka salama, lakini mzee hakumpanda.

Jordana aliimaliza picha kwa kutumia picha za simu na kumbukumbu. Ilimchukua mwezi wa Agosti wote. Mgongo aliupata, miguu akaipata, na mimi nikiwa fundi ninayewashika farasi kila siku nilisema ni kazi safi. Tulimpelekea mzee Jumamosi moja, imefungwa kwenye shuka. Tukaiegemeza juu ya meza, tukafunua. Alivaa miwani. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena mpaka pua ikakaribia rangi.

"Sikio," alisema. "La kushoto. Halikukaa hivyo."

Jordana aliangalia. "Lilikaaje, mzee?"

"Lilikuwa linasikiliza."

Jordana akairudisha nyumbani, akalirekebisha sikio. Jumamosi iliyofuata mzee akasema sikio sasa sawa, ila kifua kimekuwa kipana, Garoa alikuwa msichana. Akarekebisha kifua. Ikafuata miguu ya mbele. Ikafuata rangi ya nywele za tumboni, ambazo mzee alisema wakati wa baridi huwa na manjano kidogo. Mara nyingine mzee alikuwa sahihi, Jordana mwenyewe alikubali. Mara nyingine kilichokosewa kilikuwa ni kile alichorekebisha juma lililotangulia kwa maneno ya mzee mwenyewe, na akakibadilisha tena bila kumkumbusha.

"Mwambie imekwisha," nilimwambia mwezi wa Oktoba. "Rangi imekuwa nene kama plasta."

"Nikimwambia imekwisha ataitundika kama ya marehemu."

"Si ndiyo kazi ya picha?"

Bi Nilceia alikuwa amemwagiza paka, na picha ya paka yule ilikuwa juu ya meza, nusu, inasubiri. Kulikuwa na barua pia ya kliniki moja ya mji wa mbali, wanataka daktari wa zamu, imefunguliwa na kurudishwa ndani ya bahasha. Nilimuuliza amewajibu nini. Alisema bado.

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza tena barabara ya kisimani, turubai begani kwangu, yeye na kisanduku cha rangi. Mzee alikuwa ameshaweka kahawa na viti vitatu. Aliitazama picha muda mrefu sana, miwani mkononi, na kwa mara ya kwanza nikafikiri atasema haina kasoro. Nilimwona Jordana naye anafikiri hivyohivyo, na sijui kama alilitaka hilo au alikuwa analiogopa.

"Pua," alisema Mzee Olinto.

Jordana akavuta kiti, akafungua kisanduku.